Siku nzima Koh Ker: mahekalu, mikorosho na miungu iliyokatwa miguu

Wengi wakishafika Siem Reap, Kambodia, wanafanya kitu kimoja. Wanaamka saa kumi usiku, wanapanda tuktuk gizani mpaka Angkor Wat, wanasimama pembeni ya lile bwawa na umati wa watu walionyanyua simu juu, wanangoja jua litoke nyuma ya minara, wanapiga picha, wanarudi hotelini kulala. Sisi pia tulifanya na wala sijuti, Angkor Wat ni Angkor Wat. Ila leo nataka niwape habari za siku nyingine, ile tuliyokodi gari tukatoka nje kabisa ya mji, manake tangu niweke mtandaoni zile picha za Koh Ker, mji wa kale wa mahekalu, naulizwa mbona hakuna watu, ati nilifuta watu kwa programu.

Sikufuta mtu. Ni mbali tu. Koh Ker iko kama kilomita 120 kaskazini mashariki ya Siem Reap, saa mbili na zaidi kwa gari, na wageni wengi wakiwa na siku chache hawako tayari kuzimalizia barabarani. Hiyo ndiyo raha yake.

Nilikuwa na wifi yangu, mke wa kaka yangu, mtu wa Mombasa asiyependa kuamshwa mapema na asiyependa kulipa bei ya kwanza. Kwenye kuamka nilimshinda, kwenye bei nikamwachia yeye. Mwisho tulielewana na dereva dola 90 gari nzima, mafuta ndani, maji ya baridi ndani, Camry kuukuu lakini AC inapuliza vizuri. Kuna magari ya kuchanga na wageni wengine, ni nafuu zaidi, lakini humo utashuka ukiambiwa shuka na utapanda ukiambiwa panda, na sehemu iliyonileta mimi Koh Ker haimo kwenye ratiba za wengi wao. Nitafika huko. Dereva kazi yake ni kuendesha, haingii hekaluni kukueleza, kwa hiyo tuliongeza mwongozaji mwenye leseni, bei yake mbali, na huyo alistahili kila senti.

Mpango wetu ulikuwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, Koh Ker kwanza kabla jua halijawa kali, kurudi tupitie hekalu la Beng Mealea, tumalizie lile la Banteay Srei kabla hawajafunga jioni. Ni siku ndefu lakini inawezekana kabisa.

Barabara ni ya lami. Ukishauacha mji nyuma ni mashamba ya mpunga, nyumba za mbao zimenyanyuliwa juu ya nguzo, ng'ombe weupe wembamba, na ile mivumo mirefu ambayo wanaigema kupata sukari. Alafu mpunga ukaisha yakaanza mashamba mengine, mimi nikawa naangalia dirishani nikamwambia wifi, hebu tazama, ule si muhogo ule? Ulikuwa muhogo, eka na eka. Na baada ya muhogo, mikorosho! Mimi ni mtoto wa Kilifi jamani, nimekua nikiona kiwanda cha korosho kilichokufa, sasa nimesafiri nusu dunia naletewa mikorosho barabarani. Nikamuuliza mwongozaji korosho zao zinaenda wapi, akacheka akasema Vietnam, zinaenda na maganda yake, wenzetu wanabangua wao. Wifi akadakia, "Kumbe shida zetu ni za ukoo mmoja." Manake korosho ghafi za Afrika Mashariki nyingi nazo zinaishia huko huko Vietnam na India.

Haya, Koh Ker. Tiketi yake ni peke yake, dola 15, haimo kwenye ile pasi ya Angkor, tiketi moja ya kuingilia mahekalu mengi.

Mwaka 928 mfalme Jayavarman IV aliacha Angkor kuwa mji mkuu akafanya hapa ndio makao ya ufalme wa Khmer, watu wa Kambodia. Sababu wanahistoria wanabishana mpaka leo, hakuwa kwenye mstari wa moja kwa moja wa kurithi kiti na inaonekana alishakuwa na nguvu zake huku kabla. Alipokufa mwanawe Harshavarman II akashika kidogo tu, na ilipofika 944 mfalme mwingine, Rajendravarman II, akaurudisha mji mkuu Angkor. Yaani hesabu hapo, chini ya miaka 20. Ndani ya muda huo walijenga makumi ya mahekalu, wakachimba bwawa kubwa la maji, wakainua piramidi. Mwaka 2023 UNESCO wakapaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, na bado siku tuliyokwenda sisi nadhani mbuzi tuliokutana nao njiani walikuwa wengi kuliko watalii.

Tulianza na Prasat Pram, minara mitano ya matofali, miwili imekumbatiwa na mizizi kutoka juu hadi chini mpaka huoni tena nani anamshika nani. Picha zake ndizo mnazoniuliza. Alafu tukaenda Prasat Thom, hekalu kuu lenyewe. Unaingia kwa mnara wa matofali mekundu, unapita uani palipojaa mawe yaliyoanguka, unatokeza upande wa pili na ghafla mbele yako kuna uwanja wa majani na piramidi ya ngazi saba, juu kama mita 36. Ukiniambia ni Mexico ningekubali. Ngazi ya zamani ya mawe imebomoka, wameweka ya mbao pembeni, mwinuko wake ni wa kukutoa jasho lakini ina vyuma vya kushika. Wifi alisema hapandi. Alipoona bibi mmoja wa Kikorea anapanda na mwavuli wake, akapanda.

Juu kabisa kuna shimo, pale ilikuwa linga kubwa, ile nguzo ya jiwe ya mungu Shiva, sasa haipo. Unaona msitu pande zote, kaskazini kabisa unaona ukungu wa milima ya Dangrek ambako ndiko mpaka na Thailand. Nyuma ya piramidi kuna kilima cha duara, wenyeji wanakiita kaburi la tembo mweupe.

Mwongozaji wetu kwao ni kijiji cha huku. Alivyokuwa mdogo, alisema, mama yake alikuwa na amri moja tu, usitoke njiani. Huku vita vilichelewa kuisha, Khmer Rouge, wale wakomunisti waliokuwa wametawala nchi, walifukuzwa mji mkuu Phnom Penh 1979 lakini misitu hii ya kaskazini walibaki nayo mpaka miaka ya 90 inakwisha, na mabomu ya kutegwa ardhini yakabaki baada yao. Mabango ya kuonyesha eneo limesafishwa bado yapo. Mpaka leo ushauri ni ule ule wa mama yake, usikate njia kichakani ati unatafuta angle nzuri ya picha.

Sasa nifike kwenye ile niliyoahidi. Prasat Chen.

Ukifika huoni kitu. Kusema kweli wifi alibaki kwenye gari kwanza, akachungulia akasema, "Wifi, haya ni mawe tu." Kuta za jiwe jekundu lenye matundu matundu, miti, majani makavu, kimya. Lakini hapa mlangoni upande wa magharibi palikuwa na sanamu 9 zimepangwa kama mchezo wa kuigiza uliosimamishwa katikati. Ni pigano la mwisho kwenye Mahabharata, ule utenzi mkuu wa kale wa Kihindi, Duryodhana na Bhima wanapigana kwa marungu, ndugu zao wamekaa pembeni wanatazama. Wachongaji wa zamani wa Khmer sanamu kubwa walikuwa wanaziwekea tao la jiwe nyuma ili zisianguke. Hawa wa Koh Ker walithubutu kitu kingine, waliziacha zisimame kwa miguu yake zenyewe, zimeinama, zinaruka, nguo zinapepea, kilo mia mbili na zaidi za jiwe juu ya vifundo viwili vya miguu. Ufundi wa ajabu. Na hapo hapo kwenye vifundo ndipo wezi walipopiga.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 70, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, hakuna wa kulinda. Waliziangusha, wakazipakia, zikavuka mpaka kwenda Thailand, na kutoka hapo zikaenda Ulaya na Marekani kwa watu wenye pesa na nyumba nzuri. Zilizobaki hapa ni nyayo, miguu imeganda kwenye jiwe lake na mwenyewe hayupo.

Zikapita miaka karibu 40. Machi 2011, kampuni ya mnada ya Sotheby's New York wanataka kupiga mnada sanamu ya mpiganaji wa Khmer, makadirio dola milioni 2 mpaka 3, wameiweka mpaka kwenye jalada la katalogi yao. Haina miguu. Mwanaakiolojia Mfaransa, Eric Bourdonneau, alishakuwa amefanya kazi Koh Ker, na ule mkato wa vifundo ulilingana na nyayo zilizobaki Prasat Chen. Alikuwa Duryodhana. Kambodia ikapinga, mnada ukasimamishwa, 2012 serikali ya Marekani ikafungua kesi mahakamani, Desemba 2013 wakakubaliana, na 2014 akarudi nyumbani. Bhima naye alikuwa anakaa kwenye jumba la makumbusho la Norton Simon huko California, akarudi mwaka huo huo. Ndugu wawili waliopiga magoti walikuwa wamesimamishwa mlangoni pale Metropolitan Museum, New York, kama mabawabu, hao walitangulia, 2013. Sanamu ya Hanuman ikatoka jumba la makumbusho la Cleveland 2015, ya Rama ikatoka la Denver 2016, zote huko huko Marekani. Mmoja mmoja.

Mfanyabiashara aliyekuwa katikati ya mambo mengi haya alikuwa Mwingereza aliyeishi Bangkok, Douglas Latchford, waendesha mashtaka wa New York walimfungulia kesi 2019, akafa 2020 kabla hajasimama kizimbani. Binti yake ndiye aliyekubali kuurudisha mkusanyiko wake Kambodia. Na upande wa huku msituni kuna mzee mmoja aliyewahi kuwa mpiganaji wa Khmer Rouge kisha akawa kiongozi wa genge la wezi wa sanamu, Toek Tik, ambaye uzeeni aliamua kusema yote, akawapeleka wachunguzi hekalu kwa hekalu akiwaonyesha hapa nilichimba nini na hapa nilikata nini. Wachunguzi walimpa jina la siri, Simba. Alifariki 2021. Mwongozaji alipolitaja hilo jina la Simba kwa Kiingereza na sisi tukacheka, alishangaa tunacheka nini.

Mimi pale sikucheka sana lakini. Watu wa pwani ya Kenya mnaosoma hapa mnajua naenda wapi. Vigango. Zile nguzo za mbao za Mijikenda wanazosimamishiwa wazee wa chama cha Gohu wakishakufa, ambazo mtu hatakiwi hata kuzisogeza. Zimeng'olewa usiku kwenye boma za watu toka miaka hiyo hiyo ya 70 na 80, zikauzwa kwa maduka ya vinyago, zikaishia Marekani kwenye majumba ya makumbusho na sebule za watu maarufu. Mbili zilirudishwa kwa familia yao 2007, na nyingine 30 zilirudi Kenya 2019 kutoka jumba la makumbusho lililoko Denver. Ndiyo, Denver hiyo hiyo, ingawa ni jumba tofauti na lile la Rama. Tofauti ninayoiona ni hii, Kambodia wana miguu. Wakienda mahakamani wanabeba nyayo, wanasema haya lete sanamu tuipachike tuone. Kigango kikishang'olewa kinaacha shimo, na mvua moja tu inalifukia. Nani atathibitisha? Zile mbili za 2007 zenyewe zilipatikana kwa sababu kuna mtafiti alikuwa amempiga picha mwenyewe akiwa nazo kabla hazijaibiwa.

Nilimweleza mwongozaji haya yote, akanisikiliza vizuri, akauliza sasa hizo thelathini zimerudishwa kwa wenyewe au ziko makumbusho Nairobi. Swali zuri. Tuendelee.

Kabla ya kutoka tulisimama kwenye mahekalu madogo ya linga, yako mfululizo kando ya barabara, kila kijumba ndani kina linga nene kuliko mtu na jiwe lake la chini lina mfereji wa kutolea maji yaliyomwagwa wakati wa ibada. Hizi zilikuwa nzito mno kwa wezi.

Chakula. Huku kwenye mahekalu ya mbali kuna vibanda, wanapika wali, supu, nyama, na nguruwe yuko kila mahali kwa hiyo uliza. Siem Reap mjini kuna msikiti na Waislamu wa Cham, na mikahawa ya halali karibu yake, ukitaka usalama funga chakula kutoka huko. Sisi tulikula Beng Mealea, kibanda cha ng'ambo ya hekalu, samaki wa nazi wanaemwita amok, anapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Wifi alionja akanyamaza, akaonja tena, akatoa hukumu, "Huyu ni kupaka aliyesahau ndimu." Akamaliza na wangu.

Beng Mealea ni kitu kingine kabisa. Ilijengwa karne ya 12, ramani yake inafanana na Angkor Wat lakini yenyewe yote imekaa chini, haina mnara, na hakuna maandishi ya jiwe yanayosema ni nani aliijenga, wanakisia kwa mtindo kwamba ni zama za Suryavarman II, huyo huyo wa Angkor Wat. Handaki la maji lililoizunguka lina upana wa mita 45. Na ndani, imeanguka. Yote. Wajenzi wa Khmer hawakuwa wakijenga tao la kweli, walikuwa wanapanga mawe yakitokeza kidogo kidogo kutoka pande mbili mpaka yakutane juu, bila saruji, uzito ndio unayashika, sasa mzizi ukishaingia katikati ya mawili ukaanza kunenepa, hesabu imekwisha. Unatembea juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa, chini yako ni rundo la mawe ya kuchongwa, kila moja kubwa kuliko friji, ya kijani kwa kuvu, na miti imekaa juu ya kuta kama imepanda kuangalia. Kuna sehemu unaingia korido yenye giza ambayo paa lake halijaanguka na hapo ndipo unaelewa ilikuwaje. Mlangoni mtazameni yule nyoka wa vichwa vingi, alifukiwa na udongo miaka mingi ndio maana uso wake bado mkali hivyo.

Kama una siku nusu tu, achana na Koh Ker uje hapa. Nasema hivyo ingawa moyo wangu ulibaki Koh Ker.

Banteay Srei tulifika jua limeshaanza kulala, na hilo ndilo hekalu pekee siku hiyo tuliloingia kwa kusukumana. Ni dogo, la jiwe la rangi ya waridi, lilizinduliwa 967, na halikujengwa na mfalme bali na mwalimu wa mfalme, Yajnavaraha. Nakshi zake ni za kina mpaka unadhani ni mbao, sikuona mkono wa mtu mahali pengine ukifanya hivyo kwa jiwe. Na hata hapa, mwizi. Desemba 1923 kijana mmoja kutoka Paris alikuja na misumeno akakata sanamu za kike ukutani, akakamatwa nazo Phnom Penh, akahukumiwa, baadaye adhabu ikapunguzwa akarudi zake kwao. Anaitwa André Malraux, na mwaka 1959 Ufaransa ikamfanya waziri wa utamaduni. Wifi alimwomba mwongozaji arudie hiyo sentensi.

Mambo ya pesa na mengineyo, kwa walioniandikia. Beng Mealea na Banteay Srei zinaingilika na pasi ya Angkor, dola 37 siku moja, 62 siku tatu, 72 siku saba, na ile ya siku tatu si lazima ziwe mfululizo. Inauzwa ofisi maalum mjini au mtandaoni, na ina picha yako kwa hiyo huwezi kuazimana. Funika mabega na magoti, mtu wa leso au kikoi hana shida hapo. Dola zinatumika kila mahali ila noti iliyochanika hata kidogo wanaikataa, chenji unapewa kwa riel, pesa yao. Ukitoka Kenya beba kadi ya homa ya manjano, wanaitaka kwa watu wa nchi zetu. Nenda kati ya Novemba na Februari, Machi na Aprili ni tanuri.

Watu wengine wanaunganisha Koh Ker na hekalu la Preah Vihear kule juu mlimani mpakani. Sisi hatukwenda na sa hizi nisingekwambia uende, Kambodia na Thailand walipigana Julai 2025 kwenye mpaka huo huo, uliza hali kwanza kabla hujalipa mtu yeyote.

Na kama safari yako inapita Phnom Penh, weka nusu siku ya National Museum. Ukiingia tu utapokewa na sanamu ya Garuda, yule ndege wa mungu Vishnu, mkubwa kuliko mtu kutoka Prasat Thom. Duryodhana na Bhima wako humo humo.